Madumu Kumi na Mawili ya Mkojo

Mume wangu aliambiwa ana damu nyingi, na neno hilo ndilo lililomuua. Sisemi ugonjwa haukuwepo. Ulikuwepo, lakini neno lilitangulia mbele yake.

Tulikuwa tukikaa Dzamandzar, kule kisiwani Nosy Be, mwishoni mwa miaka ya sabini, kiwanda cha sukari bado kinanguruma na mji mzima unanuka miwa iliyoungua. Yeye alikuwa mtu wa mitambo ya mvuke. Kifua kama mlango, sauti ya kuitia mtu ng'ambo. Akaanza kuumwa kisogo kila asubuhi, macho mekundu kama ya mlevi, na pombe hajawahi kuigusa. Siku moja akaenda zahanati, wakamvisha mkanda mkononi, wakaupuliza ukamkaza, muuguzi akamwambia kwa Kimalagasi kwamba tosidra yake iko juu.

Tosidra ni msukumo wa damu. Sasa ninajua. Lakini nyumbani sisi tulisema Kingazija, Kimalagasi kilikuwa cha sokoni na kazini, Kifaransa cha wenye makaratasi. Kiswahili hiki ninachoandikia ni cha baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na nje ya vitabu vyake nilikuwa sikisikii sana. Basi neno lile lilipovuka kizingiti chetu likageuka. Mume wangu alivua viatu, akakaa, akasema, "Wanasema nina damu nyingi."

Kitu kikizidi kinapunguzwa. Nani asiyejua hilo? Mama mkwe akamwita mzee wa kuumika. Pembe tatu za ng'ombe mgongoni, chale za wembe, ikatoka damu nyeusi nzito. Mume wangu akainuka akasema anajisikia mwepesi kama pamba. Kwa hiyo vile vidonge vya zahanati nikavichukua nikavitia katika kopo la majani ya chai, nikalipandisha juu ya kabati. Damu imeshapungua, vidonge vya nini tena? Hakuna aliyenituma. Nilivipandisha kwa mkono wangu huu.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, tunakula wali na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, kijiko kikamtoka mkononi. Nikamwambia, "Okota basi." Hakuokota. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alikaa siku mbili bila kusema, siku ya tatu tukamzika. Watu wakasema jini la kiwandani limempiga kofi. Mimi niliitikia, ndiyo, jini. Juu ya kabati kopo lilikuwa limejaa.

Hayo sikumwambia mtu kwa miaka mingi.

Binti yetu alikua, akaolewa, akazaa msichana. Yule msichana nilimchukua nikahamia naye Mahajanga asome, mama yake akabaki Nosy Be na biashara yake ya vitambaa. Mimi nilikaa chuoni miaka minne na skuli miwili, kisha nikatolewa nikafundishwa kusonga na kukuna. Yeye alipita kila mlango waliomfungia. Akaingia chuo kikuu, udaktari. Hata kabla hajawa daktari, pale kwa wauza samaki nilikuwa nasema, "Nipimieni upesi, daktari wangu hajala." Walinichoka. Sikujali.

Mwaka wake wa mwisho akaniketisha uani akanieleza kazi ya kumalizia masomo. Walikuwa wakitafiti presha katika mitaa ya karibu na bahari: kwa nini watu wanaanguka mapema, mioyo inachoka, nusu ya mwili inakufa. Kila mwanafunzi alipewa mtaa wake. Mwenzake mmoja alipewa Belobaka, huko inakotokea barabara ya bara. Yeye alipewa mtaa wetu. Atafute wanawake kumi na wawili waliovuka miaka hamsini, awapime presha, apime na chumvi wanayokula.

"Chumvi utaipimaje?" nikamwuliza. "Utaingia jikoni kwa watu na kijiko?"

"Kwenye mkojo, Koko." Koko ndivyo wajukuu wetu wanavyomwita bibi. "Mtu anakusanya mkojo wa siku nzima, asubuhi mpaka asubuhi. Chumvi unayokula karibu yote inatokea huko. Tukiwauliza watu kwa mdomo, wanadanganya. Mkojo haudanganyi."

Akanitazama. Alikuwa ameshanipima mimi, na mshale ulikuwa umepanda. Akanitolea chumvi jikoni. Nikamwapia kwamba siili tena, naionja tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa napika vyungu viwili. Chake hakina chumvi, cha mgonjwa. Changu nilikiweka kwa jirani.

Nilimwuliza akikosa wale kumi na wawili itakuwaje. Akasema, bila wao hana tasnifu, na bila tasnifu hawamwiti daktari. Miaka yote ile inabaki hewani.

Nikamwambia, "Kaa hapo. Wanawake nakutafutia mimi."

Haikuwa kazi nyepesi. Watu wetu hapa hawapendi mgeni anayepita na karatasi ya majina. Katika miaka ile ya sabini Wangazija wa mji huu walifuatwa nyumba kwa nyumba wakauawa, na waliobaki walijifunza kutojibu wanapoulizwa wewe nani. Juu ya hayo, mkojo. Mkojo wa mtu unafanyiwa mambo. Ila mimi sikuwa mgeni, na ulimi ninao. Nilianza na jirani yangu, yule yule aliyeniwekea chungu, mwanamke mnene anayeuza mokari, mikate yetu ya mchele na nazi, mlangoni pake.

"Yaani mjukuu wako kasoma miaka yote hiyo aje kuomba mikojo?" akasema, wala hakuinua macho kwenye moto.

"Mumeo hakusoma hata mmoja, na wake anaumwaga ukutani mwangu bure."

Akacheka mpaka mokari mmoja ukaungua. Akasema haya, niandike. Akikubali yeye, mtaa umekubali. Kwa siku nne nilipata kumi na mmoja, na wa kumi na mbili nikajiandika mwenyewe. Namba zilipogawiwa, yangu ikawa saba.

Mjukuu wangu akawakusanya uani kwangu. Kila mmoja akapewa dumu kubwa jeupe na kopo pana la kukingia. Akawasomea karatasi ya utafiti, anaigeuza kutoka Kifaransa: mkojo wa kwanza wa asubuhi mwage, baada ya hapo wote uingie, mpaka wa asubuhi ya kesho. "Kila tone," akasema. "Mama zangu, tafadhali, kila tone. Msipoteze hata moja." Kisha akaenda zake hospitali.

Alipotoka tu, wanawake wakanigeukia. Mmoja akauliza lile ambalo wote walikuwa nalo. "Na kuchamba je?"

Sisi hatuinuki chooni bila maji. Mtu akimaliza anachamba, ndipo awe safi kwa sala. Nikafikiri. Mtoto kasema kila tone. Maji ya kuchambia yanaondoka na matone. Yakimwagika chini, matone yamepotea. Nikawaambia, kwa sauti ya mtu anayejua, "Chambeni juu ya kopo. Yote yaingie dumuni."

Jirani akasema, "Umeshakuwa daktari na wewe."

"Elimu inaambukiza," nikamjibu.

Siku yenyewe ilifika. Madumu yalikaa nyuma ya mabafu, yamefunikwa vitambaa, mbali na pa kusalia. Mimi asubuhi nilifanya vizuri. Adhuhuri nilikwenda kwa jirani nikala chungu changu, ng'onda wa chumvi na achari ya maembe, sikuacha mwiba. Alasiri nikaingia chooni. Nikakinga kopo. Nikaliangalia. Wallahi nilimwona yule ng'onda ananitazama kutoka mle. Mkojo haudanganyi, mtoto alisema, na nilikuwa nimemwapia. Atasoma karatasi atajua bibi yake mwongo.

Nikaumwaga. Na wa magharibi nikaumwaga pia. Nikajiambia, kukosekana kwa vikombe viwili hakuwezi kuharibu kitabu cha mtu.

Asubuhi madumu yalipakiwa kwenye posiposi mbili, zile gari za kuvutwa na mtu, na wavutaji wakalalamika uzito. Mmoja akauliza ni juisi gani hii. Jirani akamwambia ya arusi. Mjukuu wangu alitembea kando ya posiposi mpaka hospitali, mkono juu ya mifuniko.

Siku ya tano alirudi mchana. Hakuvua viatu. Akaingia navyo mpaka ndani, akakaa kwenye mkeka wa sala bila kujua kakaa wapi, na mimi sikumkemea, maana niliuona uso wake.

"Koko, wanasema nimejaza maji ya bomba."

"Nani wanasema?"

"Profesa. Madumu kumi na moja yamejaa mpaka shingoni, rangi hamna, maji matupu. Anasema binadamu hakojoi hivyo. Halafu moja tu, namba saba, limepungua nusu. Anasema nimekaa chumbani nikatengeneza namba, na hata kutengeneza sijui." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Keshokutwa saa tatu nikajieleze. Nikikosa la kusema ananitoa kwenye utafiti na anaandika kwamba nimeghushi. Mtu akiandikiwa hivyo, kwisha."

Akainua macho kwangu.

"Mlifanya nini, Koko?"

"Kama ulivyosema. Kila tone."

Nilikuwa bado sijaelewa habari ya maji, nasema kweli. Namba saba niliielewa palepale. Niliposema vile nilikuwa nimekwisha kumdanganya mara ya pili, na yeye aliinuka akaenda chumbani akaanza kugeuza karatasi zake moja moja, akitafuta kosa lake.

Nikaenda kutawadha. Nikachukua kopo la maji, nikachuchumaa, nikachamba, na maji yakaendelea kutiririka, yanatiririka, nusu kopo, kopo zima. Mkono ukasimama. Mara ngapi kwa siku? Mara sita, mara saba. Wanawake kumi na mmoja. Ndiyo maana posiposi zililemewa.

Nilikaa pale chooni nimechuchumaa mpaka magoti yakawaka moto. Habari ya maji ilikuwa rahisi kuisema. Ni ujinga, na ujinga unasamehewa. Nikiieleza hiyo, madumu kumi na moja yanapona. Lakini linabaki la saba. Na la saba limetoka nyumba gani? Kwa bibi yake mwenyewe. Profesa atasema, haya, wengine walikosea, na hili je? Hapo mtoto anazama kwa dumu langu. Nikaliona lile kopo la chai juu ya kabati. Miaka imepita, kisiwa kingine, na bado naweka kitu mahali pasipo pake na kunyamaza.

Lakini sikumwambia jioni ile. Wala kesho yake. Ulimi uliokusanya wanawake kumi na mmoja ulikataa kusema neno moja kwa mtu mmoja. Nilimpikia, hakula. Nilimwambia tu, "Nitakwenda na wewe."

"Kufanya nini?"

"Nitakwenda."

Ofisi ya profesa ilikuwa ndogo, na feni inalia. Mwanamke mwembamba, miwani, asiyecheka. Alishangaa kuniona. Akasema Kifaransa, mjukuu wangu akajibu Kifaransa, mikono ameificha chini ya meza. Nikasikia sauti yake inapungua, inapungua, kama taa inayoishiwa mafuta. Nikasema kwa Kimalagasi, ili wote wasikie bila kufasiriwa, "Mimi ndiye namba saba."

Wote wawili wakanigeukia.

Nikaanza na maji. Nikamweleza kuchamba, bila kuzungukazunguka: tunachuchumaa hivi, maji yanapita hapa, yanaangukia hapa. Mjukuu wangu alifunika uso. Profesa hakufunika. Akauliza, "Kila mara?"

"Kila mara. Nyinyi hamfanyi?"

Akaichukua karatasi yao ya maelekezo, akaisoma juu mpaka chini, akairudia. Hapakuwa na neno la maji mahali popote. Iliandikwa na watu wanaojifuta kwa karatasi.

"Na dumu lako?" akauliza. "Lako limepungua. Wewe hukuchamba?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Nilihisi mapigo ya moyo masikioni, du, du, na kisogo kikawa kizito. Nikasema, "Nilichamba. Lakini nilikula ng'onda. Nikamwaga mkojo ili mtoto huyu asijue. Yeye hana kosa. Hajui mpaka sasa hivi."

Sikumtazama. Nilisikia kiti chake kinasogea.

"Kwa nini ulimficha?" profesa akauliza. Hakuuliza kwa ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikafungua mdomo kusema aibu, uzee, basi. Yakatoka mengine. Nikamweleza mume wangu. Damu nyingi, pembe za ng'ombe, vidonge juu ya kabati, kijiko. Nikasema, "Nilificha dawa, mtu akafa. Nikaficha chumvi, mtoto huyu anafukuzwa. Nifukuze mimi."

Feni ililia. Profesa akavua miwani akaifuta kwa upindo wa koti lake jeupe, akaifuta sana. Kisha akamwambia mjukuu wangu, kwa Kimalagasi safari hii, "Una majuma mawili. Wanawake wale wale kumi na wawili. Akikosekana mmoja, hakuna kitu." Akanigeukia. "Na wewe, mama, safari hii tuletee na ng'onda wako."

Barabarani mjukuu wangu alitembea mbele yangu hatua kumi. Sikumwita. Tulipofika kwenye kona yetu akasimama, akasema bila kugeuka, "Ningefukuzwa kwa ajili ya ng'onda, Koko."

"Ndiyo."

"Na babu. Mama anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia wewe. Si mimi."

Nikasema nitamwambia. Nilimwambia Idi iliyofuata, na hayo ni mengine.

Kazi ilibaki ya milango. Mara ya kwanza nilipita mtaani na kitambaa kipya, kichwa juu. Mara hii nilipita na madumu mikononi. Kila nyumba nilisema lile lile: niliwafundisha vibaya, na langu nililighushi. Wengine walicheka. Wawili waligoma. Mmoja alisema mumewe amechoka na mambo ya mikojo ndani ya nyumba, nikaenda nikazungumza na mumewe, mimi mzee mzima, juu ya mkojo wa mkewe. Alikubali kwa kutaka niondoke. Wa pili alikataa katakata. Siku zikayoyoma, mjukuu wangu anahesabu kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu, mimi nazunguka.

Aliyemwangusha ni jirani yangu. Alimfungia mlango wa mokari. "Mikate yangu hupati," alimwambia, "mpaka ulijaze dumu. Huyu bibi ana majivuno, najua, kaniudhi miaka ishirini. Lakini mara hii kaja na uso wake mtupu. Unamrudishaje mtu mwenye uso mtupu?" Yule mwanamke alikaa siku tatu bila mokari wa asubuhi, akaja mwenyewe kuchukua dumu.

Tukarudia. Uani nilisimama mimi, si mtoto. Nikawaonyesha: kojoa ndani ya kopo, liweke kando, ondoka hapo, ndipo uchambe, na maji yaende chini yanakokwenda siku zote. Mchana nikala ng'onda wangu mlangoni kwangu, mjukuu wangu akiniona. Alasiri nikakinga kopo, na ukaingia wote.

Karatasi za maabara ziliporudi, alizisoma mezani kwa kidole, moja mpaka sita. Alipofika ya saba kidole kikasimama. Kati ya wote kumi na wawili, chumvi yangu ndiyo ilikuwa ya juu kabisa, nimempita hata jirani. Akachukua mkanda akanivisha mkononi, akaupuliza mpaka vidole vikafa ganzi, akasikiliza. Akapuliza tena. Mdomo wake ulikaza kama wa babu yake anapofunga bomba la mvuke. Tangu siku ile chungu changu kikarudi jikoni, na ng'onda analowekwa usiku kucha na kumwagwa maji mara mbili, mpaka anabaki na ladha ya kamba.

Siku ilipofika alisimama mbele ya maprofesa akasoma tasnifu yake. Nilikaa nyuma na jirani, Kifaransa kitupu, sikuelewa ila namba. Walipompigia makofi nilimfinya jirani paja mpaka akanitukana. Baadaye nilimwambia anionyeshe pale mahali penye mambo yangu. Akafungua ukurasa mmoja, akaniwekea kidole: mstari unaosema mshiriki achambe mbali na chombo. Mstari mmoja tu. Wale wa Belobaka nao wanausoma sasa kabla ya kutoa madumu. Nimewaambia wauza samaki wote kwamba mle kitabuni nimo, na wakitaka kuhakikisha waende chuo kikuu.

Vidonge vyangu anavileta mwenyewe kila asubuhi kabla hajaenda kazini. Haniachii. Ananipa maji, ananisimamia, kisha anasema, "Fungua mdomo, Koko. Inua ulimi."

Nafungua. Nainua ulimi.